Wachunga Harufu

Mrehani hauna makuu. Ukiupanda kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini, ukaumwagia maji yaliyooshewa mchele na kuuweka panapopata jua la asubuhi, utakupa majani kwa miezi. Nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu hadi Mafia, zinao uani au barazani. Ndugu yake kivumbasi hakitaki hata hilo kopo: huota chenyewe kando ya njia, kwenye viwanja vilivyoachwa, juu ya kifusi cha nyumba iliyobomoka. Mpita njia hukikwanyua, akanusa vidole vyake, akenda zake.

Majani haya ni dawa ya mafua, ya tumbo na ya mbu. Ni kinga ya husuda, ni kipenzi cha ruhani, ni pambo la bibi harusi, na huwekwa juu ya makaburi. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Kinachojulikana na wachache ni namna ya kuyashika. Nimekaa na mafundi wa majani haya, Unguja zaidi na Tanga kidogo, na kadiri nilivyowatazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kazi yao yote, iwe ya tiba, ya uganga au ya urembo, inarudi kwenye jambo moja: kuichunga harufu isiondoke kabla ya wakati wake.

Chukua jani la mrehani uliangalie kwa kioo cha kukuzia. Utaona vidoa vidogo vinavyometa, na zaidi upande wa chini. Kila kidoa ni tezi, kifuko cha mafuta kilichofunikwa kwa ngozi nyembamba mno. Ukilifikicha jani, vifuko hupasuka, mafuta hukutana na hewa, na papo hapo huanza kuruka. Hayo ndiyo unayoyanusa. Na maana yake ni kwamba kila unaponusa mrehani, sehemu ya dawa imeshakutoka. Ndani ya mafuta hayo mna linaloli, mna eujenoli, na viambato vingine vinavyotofautiana mmea kwa mmea. Eujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake, na ndiyo ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Baadhi ya vivumbasi vinayo kwa wingi kiasi kwamba ukifumba macho utadhani umesimama mbele ya jamvi la karafuu zinazoanikwa Pemba. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliziorodhesha Ocimum basilicum na Ocimum gratissimum mwaka 1753. Ya kwanza ndiyo mrehani wetu. Ya pili ni kivumbasi, ingawa jina hilo huku kwetu hubeba jamii zaidi ya moja.

Fundi ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya ni bibi mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye jina lake nitalihifadhi. Huamka alfajiri lakini hachumi alfajiri. Husubiri umande ukauke, kwa sababu jani lililochumwa na maji huvunda likikaa ndani ya kifurushi. Wala hangoji jua likawa kali, maana hapo jani limeshalegea na mafuta yameanza kutoka. Kati ya nyakati hizo mbili kuna nafasi fupi, na ndani yake ndimo anamofanya kazi, bila haraka yoyote inayoonekana.

Kwa chai ya tumbo huchuma ncha changa, majani manne au sita. Kwa nyungu, chungu cha kumfukizia mgonjwa, hukata tawi zima lenye maua. Hukata kwa ukucha wa kidole gumba, juu tu ya kifundo chenye vichipukizi viwili, na hapo alipokata tawi moja hutoka mawili. Nilikuwa nikidhani mrehani wake ni mnene kwa sababu ya udongo. Ni mnene kwa sababu ya ule ukucha. Maua asiyoyahitaji huyakata yakiwa bado mafupi, kwa kuwa mrehani ukishazaa mbegu hujiona umemaliza kazi yake duniani na huanza kukauka. Huacha mche mmoja tu uzae, akiba ya msimu ujao.

Akishachuma huyasimamisha matawi ndani ya pakacha, wima, yakiwa na nafasi. Mfuko wa plastiki hakuwahi kuutumia hata zamani, kabla haujapigwa marufuku. Friji nalo hana haja nalo. Mrehani ni mmea wa joto. Ukiuweka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, chembe za jani huumia na kesho yake utakuta madoa meusi. Bibi hana kipimajoto. Alichonacho ni kumbukumbu ya friji la mwanawe lililomharibia majani ya shughuli, na tangu siku hiyo huyafunga kwenye jani la mgomba lililonyunyiziwa maji, akayaweka kando ya mtungi, kwenye ubaridi wa kiasi.

Nilimwuliza kwa nini hayakoshi majani yake kwa nguvu kama mchicha.

"Mwanangu, ukiyasugua, dawa umeikosha," akasema. "Yatose, yatikise, basi."

Nyungu yake ndiyo iliyonifundisha kutazama. Watu wengi hujaza majani yote kwenye sufuria, wakawasha moto, wakasubiri yatokote. Bibi ana mpangilio, na kila kitu kina zamu yake. Mwarobaini na majani ya mpera huanza na maji baridi, kwa kuwa hayo ni magumu na yanachotoa hutoka polepole. Uchungu wa mwarobaini haupandi na mvuke, hubaki majini. Naye anajua hivyo, ndiyo sababu maji ya nyungu yakishapoa hayamwagi, humpa mgonjwa akaoge. Maji yakianza kuchemka hutia majani ya mlimao. Kisha mchaichai, akiwa amekwisha kuyagonga mashina yake meupe mara mbili tatu kwa mchi. Kivumbasi bado kiko pembeni, kizima, hakijaguswa.

Halafu huiondoa nyungu motoni. Hapo ndipo hukichukua kivumbasi, tawi baada ya tawi, akalizungusha kila moja baina ya viganja mara moja tu, kwa nguvu, na kulizamisha. Hafanyi hivyo kwenye nyungu inayotokota, kwa sababu mtokoto ungeyapeleka mafuta yote darini kabla mgonjwa hajakaa sawa. Mkono wa pili tayari umeshika jani la mgomba lililobabuliwa motoni likawa laini. Jani hilo hufunika mdomo wa nyungu, na ukindu huzungushwa shingoni na kukazwa. Kutoka kivumbasi kinapofikichwa mpaka mdomo unapofungwa ni pumzi chache tu. Nimewaona vijana wakijaribu kumuiga, nao kila mara wamechelewa kwenye fundo. Chumba kizima kinanukia vizuri, na hilo kwa Bibi ni kosa.

Mgonjwa siku hiyo alikuwa mjukuu wake, kijana wa sekondari mwenye mafua yaliyomziba pua zote mbili. Alikaa kwenye kigoda, kanga kiunoni, nyungu mbele ya miguu yake, blanketi juu. Kabla ya chochote Bibi aliuingiza mkono wake mwenyewe chini ya blanketi, akauacha humo kidogo, akautoa na kuutazama. Kisha akachukua njiti ya ufagio akatoboa tundu moja kwenye jani la mgomba. Tundu moja, jembamba.

"Upo?"

"Nipo, Bibi."

"Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Ukisikia kizunguzungu nambie, usinifanyie uanaume."

Akangoja. Akatoboa la pili. Akangoja tena. Kwa mtu mzima mwenye kifua kizuri hufika matundu saba au nane, kisha huuinua ukingo wa jani. Kwa mzee au mtu mwenye pumu huishia mawili, na pengine hukataa kabisa kumfukiza. Mtoto mdogo hamkalishi kwenye nyungu hata mzazi akimsihi. Kwa njia hiyo mvuke hautoki kwa mkupuo. Unatoka kwa kipimo, na kipimo kinashikwa na mtu anayesikiliza pumzi za aliye ndani. Harufu ya mlimao ilitangulia. Ile ya kivumbasi ilikuja baadaye, nzito zaidi, na nilijua imefika kwa sababu kijana alianza kukohoa kikohozi cha kutoa. Alipofunuliwa alikuwa ametota jasho. Akafutwa kwa kanga kavu, akazuiwa asitoke upenuni kwenye upepo, akapewa uji wa pilipili manga.

Kanuni iliyofanya kazi ndani ya nyungu ile inafundishwa kwenye vyuo vya kemia. Eujenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250. Ikiwa pamoja na maji hupanda na mvuke chini ya nyuzi 100. Kiwanda cha makonyo kisiwani Pemba hutoa mafuta ya mkarafuu kwa njia hiyohiyo, kwa mitambo na mabomba ya kuupoza mvuke ili mafuta yajitenge na maji. Bibi hana bomba la kupozea. Chombo chake cha kupokelea mafuta ni kifua cha mjukuu. Mvuke wa moto hulainisha makamasi, harufu humfanya mtu ahisi njia ya pua imefunguka, na jasho na uangalizi hufanya yaliyobaki. Mafua huondoka yenyewe kwa siku zake, Bibi anajua. Yeye humpa mgonjwa usiku mmoja wa kulala vizuri, na huo si mdogo kwa mtu aliyekuwa akipumua kwa mdomo.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, nyungu ilitoka uani ikaingia kwenye hotuba. Rais John Magufuli aliitaja hadharani, na Tanzania nzima ikaanza kujifukiza. Iliniuma kuona ufundi huu ukipewa kazi usiyoiweza. Mvuke hauui kirusi ndani ya mapafu. Tena nyungu iliingia nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kuingiza mkono wake kwanza chini ya blanketi, na maji yanayotokota yakimwagikia mapaja huacha kidonda cha miezi. Kitu kilichokuzwa kwa subira ya vizazi kikafanywa kwa pupa, kwenye sufuria ya bati, majani yote kwa pamoja.

Kwa mbu ushahidi ni mzuri zaidi. Kaskazini mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya watafiti wamejaribu kutundika na kufukiza matawi ya jamii za Ocimum ndani ya nyumba, wakaona mbu wanapungua. Hawaishi kabisa, chandarua hakina mbadala. Wakulima nao wamekuwa wakitia majani makavu kwenye mahindi na maharage kuzuia wadudu waharibifu, na maabara zimethibitisha kuwa eujenoli huua fukusi wa mahindi. Na kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima Ocimum kilimandscharicum, ile inayonuka kafuri, huitoa mafuta kwa mvuke, na kwa ushirikiano na taasisi ya ICIPE ya Nairobi kimepata marhamu iitwayo Naturub ambayo huuzwa madukani. Naipenda habari hiyo kwa sababu mmea umeingia kwenye chupa bila kuwapita watu walioujua.

Sasa uganga, ambao nitausema kwa heshima ileile.

Mtu anapozinguliwa, yaani anapoondolewa kilichomfunga, kiwe husuda au kitu alichotupiwa, kivumbasi kinaweza kuwa ufagio na kinyunyizio kwa wakati mmoja. Fundi hufunga matawi yenye urefu wa mkono, huyachovya kwenye bakuli la maji, na huanzia utosini. Hupangusa kuelekea chini, hapandishi kamwe. Kutoka mabegani hufuata mikono mpaka ncha za vidole, kutoka kiunoni hufuata miguu mpaka nyayo, na kila akifika mwisho hukung'uta tawi upande wa mlangoni. Majani yanapochoka, yanapolegea na kuishiwa harufu, kazi imekwisha. Muda wa kisomo hupimwa kwa jani. Harufu ndiyo inayosemekana kukichukua kile kitu na kuondoka nacho, hivyo tawi lililochakaa likitumika ni kama maji matupu, na mwenye kujiheshimu haligusi.

Mrehani una kazi tofauti: hualika. Kivumbasi hupewa wale wa kuondoka, mrehani hupewa wale wanaopokewa kwa adabu. Ruhani, masheitani wa Kiislamu wenye kupenda usafi na weupe, hutandikiwa kitambaa safi, marashi ya waridi, udi, na mrehani mbichi. Mwanaanthropolojia wa Norway, Kjersti Larsen, ambaye kitabu chake juu ya binadamu na masheitani wa Zanzibar kilitoka mwaka 2008, ameandika kwa urefu jinsi makabila ya masheitani yanavyotofautiana kwa lugha, mavazi, vyakula na manukato. Kosa la harufu humleta mgeni asiyeitwa. Kwa hiyo fundi hachanganyi. Chetezo hutayarishwa mapema, makaa yakaachwa mpaka yavae jivu jeupe, kwa sababu kaa jekundu huunguza ubani ukatoa moshi wa kuwasha macho, ilhali kaa lenye jivu huuyeyusha taratibu. Mrehani hauwekwi karibu na chetezo. Huwekwa kwenye sinia, mbali na moto, na hufikichwa mwisho kabisa, mwele akiwa ameshakaa. Nilipoliona hilo nikaikumbuka ile nyungu: mkono uleule unaochelewesha, kwa sababu ileile.

Mimi sipungwi masheitani. Lakini nimekaa ukutani nikamwona mwanamke aliyekuwa hajazungumza na watu wa nyumbani kwake akizungukwa usiku kucha na watu wanaomwimbia, wanaompangusa jasho, wanaomnusisha mrehani, na asubuhi akaomba chai kwa jina la shemeji yake. Siwezi kusema kilichomtoka ni nini. Naweza kusema kwamba kila tendo lililofanywa juu yake lilifanywa vizuri.

Masheikh wengi hawataki kusikia habari za kupunga, na mabishano hayo ni ya zamani pwani hii. Mrehani wenyewe hauna ugomvi na msikiti. Kurani inautaja mmea wenye harufu nzuri kwa jina hilohilo la rehani mara mbili, katika sura za Ar-Rahman na Al-Waqi'a, na katika hadithi zilizokusanywa na Imamu Muslim, Mtume anawausia watu wasikatae wanapopewa rehani. Ndiyo maana mtu anayekataa kupokea kishada cha mrehani kwenye maulidi huonekana hana malezi. Kwa jirani Mhindu wa Mji Mkongwe kuna mmea wa jamii hiyohiyo, tulasi, uliopandwa kwenye sanduku la saruji lililoinuliwa na kuwashiwa taa magharibi. Nyumba mbili zinagawana ukuta, na kila upande unamwagilia maji Ocimum yake. Na katika mji huohuo mbegu za mrehani, zinazovimba zikitiwa majini na kuvaa utando laini, huelea kwenye glasi za faluda, ambako hazitibu chochote ila kiu.

Kuna mahali ambapo subira yangu huisha. Kwa muda mrefu degedege la mtoto mwenye homa lilihesabiwa kuwa kazi ya pepo, na mtoto alifukizwa kwanza, akapelekwa hospitali akiwa amechoka. Linaweza kuwa dalili ya malaria kali, na kila saa inayopita inahesabika. Bibi wa Ng'ambo ana sheria yake: mtoto aliyekakamaa, au anayetapika kila anachonyonya, hapewi jani, mamaye hupewa nauli. Huweka noti kwenye kopo juu ya kabati kwa kazi hiyo. Kwangu mimi kopo hilo ni sehemu ya ufundi wake sawasawa na kile kipimo cha matundu. Natamani sheria kama hiyo iandikwe. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa dawa za asili ulianzishiwa kitengo maalumu mwaka 1974, na mimea mingi imeandikwa jina, sehemu inayotumika na ugonjwa. Laiti safu moja zaidi ingeongezwa kwenye majedwali ya namna hiyo, ya jani linatiwa lini na nani hapewi.

Nikiambiwa nichague kazi moja tu ya mrehani niitazame mpaka mwisho, nitachagua kikuba.

Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu, hufungwa kwa uzi, na mwanamke hukibandika kifuani, hukichomeka nywelini au hukiweka chini ya mto. Ndani yake mna asumini, waridi, vipande vya mkadi, vilua vikipatikana, na mrehani. Kilua ni ua dogo la rangi ya njano iliyofifia, la mti wa misitu na bustani za pwani ya Kenya na Tanzania; mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliupa jenasi yake mwenyewe na kuuita Mkilua fragrans, kwa jina walilomwachia wanawake wa huku waliokwisha kuupanda majumbani. Waridi na mkadi huweza kungoja. Asumini haingoji. Huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, kwa sababu hufunguka usiku, na ikishafunguka saa zake zinahesabika. Kikuba kizuri hufungwa maua yakiwa vitumba, ili yafunguke yakiwa mwilini mwa mvaaji, baada ya isha, mbele ya anayekusudiwa.

Moto wa kikuba ni joto la mwili. Hakuna makaa wala mvuke. Ngozi ya kifua huyapasha mafuta taratibu na kuyainua, na mvaaji akicheza, akicheka au akitembea haraka, harufu huongezeka. Kwa hiyo fundi wa vikuba humuuliza anayeagiza atakivaa wapi. Cha nywelini hufungwa kilegevu na kuwekewa mrehani mwingi, kwa sababu kichwani joto ni dogo. Cha kifuani hukazwa, mrehani mchache. Uzi hupita kwenye shina, haugusi jani, maana jani lililobanwa na uzi hupiga weusi kabla ya bibi harusi kutoka chumbani. Vidole vya Bibi hufanya mizunguko mitatu, hukaza mzunguko wa pili peke yake, hufunga kwa meno. Vikuba vya shughuli nzima hupangwa kwenye sinia juu ya jani la mgomba, vichwa vikiangalia upande mmoja, na kitambaa kibichi juu.

Asubuhi kikuba kilichonyauka hakitupwi. Hukaushwa kivulini, kikaenda kwenye kasha la nguo au kikasagwa pamoja na liwa kuwa singo ya harusi nyingine.

Mafundi hawakubaliani juu ya mahali pa mrehani. Bibi huuweka katikati, ukawa moyo wa kikuba, karibu na shina la uzi, ili joto la mwili liufikie mwisho, baada ya asumini kusema lake. Kwenye harusi moja Unguja nilimkuta pamoja na mwenzake aliyetoka Tanga, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi zaidi, ambaye huuweka mrehani nje, pembeni, ukiwa kama ukosi. Hoja yake ni kwamba mrehani una nguvu. Ukiufungia ndani hupenya kwenye maua yote na asumini ikapoteza jina lake. Walikaa ukumbini kwenye mkeka mmoja, sinia kati yao, kila mmoja akifunga kwa namna yake. Bibi alikichukua kikuba cha mwenzake, akakigeuza, akakinusa upande wa mashina kwanza, kisha upande wa maua.

"Kizuri," akasema. "Ila mrehani wako unatangulia mlangoni, shoga yangu. Bibi harusi hajaingia, mrehani umeshaingia."

"Na wako, dada, haufiki mpaka wageni wamekwenda kulala," akajibu mwenziwe bila kuinua macho. "Hebu nisogezee uzi huo, asumini inafunguka hiyo."